Kutoka kwenye picha hadi kwenye meza ya mzoga: mwongozo kwa anayetaka kuwa mhadhiri wa radiolojia ya wanyama

Mwaka wangu wa kwanza wa mafunzo ya ubingwa wa radiolojia, yaani fani ya kusoma picha za ndani ya mwili, nilimpima mbwa mzee kwa ultrasaundi nikakuta bonge kwenye wengu na damu kidogo tumboni. Niliandika ripoti bila kusita: saratani ya mishipa ya damu. Mwenye mbwa nusura akubali mnyama wake achomwe sindano ya mwisho kwa sababu ya sentensi yangu. Daktari wa upasuaji akasema tujaribu kwanza kuutoa wengu. Siku chache baadaye mwanapatholojia, mtaalamu anayechunguza viungo na mizoga, alinipigia simu niteremke. Wengu ulikuwa mezani, umekatwa vipande, na ndani yake mlikuwa na damu iliyoganda, basi. Hakuna saratani.

"Daktari," akaniambia, "ulichokiona kilikuwepo. Ulichokidhani ndicho hakipo."

Leo najua kwamba ultrasaundi peke yake haiwezi kutenganisha donge la damu na saratani ya wengu, na hilo nawaambia wanafunzi wangu kila muhula. Lakini sikulijifunza kwenye mhadhara. Nililijifunza kwa kuteremka ngazi. Ukiniuliza chuo kikuu kina nini ambacho msomaji wa picha anayefanya kazi nyumbani kwake hana, nitakujibu: kina hizo ngazi. Anayesoma picha kwa njia ya mtandao analipwa vizuri, mara nyingi kuliko mhadhiri, na anasoma kesi nyingi kwa siku. Ila mara chache hupata kujua kama alikuwa sahihi. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kujua.

Hatua ya 1: Jipime kabla hujaanza

Watu huvutiwa na fani hii kwa sababu mbili, na moja ni mbaya. Iliyo mbaya ni kuwakimbia wenye mifugo na wanyama wakali ukitumaini kujificha kwenye chumba chenye giza. Hutajificha. Utabishana na daktari wa upasuaji saa mbili usiku, utamshika farasi anayeogopa mashine, utasimama mbele ya wanafunzi mia ukiwaeleza kwa nini jibu lako la jana limebadilika.

Jiulize mambo matatu. Je, fizikia unaivumilia? Hapa si pambo: usipoelewa kwamba mashine ya ultrasaundi inachukulia sauti inasafiri kwa mita 1,540 kwa sekunde katika kila tishu, hutaelewa kwa nini wakati mwingine inakuchorea kiungo mahali ambapo hakipo. Je, unapenda kuandika? Kazi yako inayobaki ni maandishi, si picha. Na je, unaweza kukosea mbele ya watu kisha kesho yake ukarudi kazini? La tatu ndilo limewashinda wengi niliowaona wakiondoka.

Hatua ya 2: Ukiwa bado mwanafunzi, soma kilicho kizima

Shahada ya udaktari wa wanyama huchukua miaka 5 au 6 katika nchi nyingi. Marekani ni miaka 4 baada ya masomo mengine ya chuo. Muda wote huo wanafunzi hukusanya picha za magonjwa ya ajabu, kama watoto wanaokusanya vizibo vya soda. Wewe kusanya picha za wanyama wazima. Kifua cha paka mzima, kifua cha mbwa mnene, kifua cha mtoto wa mbwa ambaye tezi yake ya thaimasi bado inaonekana. Goti la ndama kabla mifupa haijaungana. Anayekijua kizima katika sura zake zote humwona mgonjwa hata bila kujua jina la ugonjwa.

Jifunze pia ile njia ya kale ya kuielezea picha ya eksirei: ukubwa, umbo, idadi, mahali, kingo na weusi au weupe wa kitu. Weupe una ngazi tano tu, yaani hewa, mafuta, maji na nyama laini, mfupa, na chuma. Maji na nyama laini viko ngazi moja, ndiyo maana kibofu kilichojaa mkojo na bonge la nyama lenye umbo hilohilo hufanana kwenye eksirei. Mwanafunzi akiniambia, "Mwalimu, naona nimonia," humjibu, "Nimonia haionekani. Unaona nini?" Huudhika mwanzoni. Baadaye naye huwaudhi wenzake.

Na nenda chumba cha kupasulia mizoga hata kama si zamu yako. Vaa buti, simama pembeni, tazama mapafu ambayo jana uliyaona meupe kwenye skrini.

Hatua ya 3: Gusa wanyama kwanza

Baada ya shahada, fanya mwaka mmoja wa utarajali unaozungukia idara zote, au miaka michache ya kliniki ya kawaida. Programu nyingi za ubingwa hazitakupokea bila hilo. Sababu ni rahisi: ripoti yako itasomwa na mtu aliye na mnyama mkononi na dakika chache za kuamua. Kama hujawahi kuwa mtu huyo, utamwandikia sentensi ndefu zisizomsaidia.

Hatua ya 4: Tafuta nafasi ya ubingwa

Hapa ndipo mlango ni mwembamba. Vyombo viwili vinavyojulikana zaidi duniani ni ACVR, chama cha Marekani cha mabingwa wa radiolojia ya wanyama, na ECVDI, cha Ulaya. Mafunzo huchukua miaka 3 hadi 4 chini ya mabingwa waliokwisha kuthibitishwa. Katikati yake kuna mtihani wa kwanza, wenye fizikia, baiolojia ya mionzi, anatomia na fiziolojia, na mwisho kuna mtihani wa kusoma picha zenyewe. Ulaya unaweza kuchagua njia ya wanyama wadogo au wakubwa, na bingwa hukaguliwa upya kila baada ya miaka 5. Marekani nafasi nyingi hugawiwa kupitia mfumo wa kulinganisha chaguo: wewe unapanga programu kwa kadiri unavyozitaka, zenyewe zinakupanga wewe, kisha kompyuta inakata shauri.

Kinachombeba mwombaji ni barua. Simaanishi barua ya profesa maarufu aliyekuona mara mbili, bali ya mtu aliyekaa nawe giza moja akijua unavyofikiri. Kwa hiyo omba kutembelea idara ya radiolojia kwa wiki mbili au zaidi. Ukifika, usijaribu kuwashangaza kwa majibu. Soma kesi, andika ripoti yako pembeni, linganisha na ya bingwa, uliza mlipotofautiana. Mwaka wa kwanza huenda usipate nafasi. Wengi hawapati. Tumia mwaka huo kukamilisha utafiti mdogo au kufanya kazi mahali penye mashine ya kutosha, kisha omba tena.

Mahali ambapo programu hizo hazipo, njia ya kawaida ni shahada ya uzamili katika upasuaji au radiolojia, halafu uzamivu, halafu ziara ndefu kwenye idara kubwa. Ni njia halali na imetoa walimu wazuri, lakini jihadhari na jambo moja: uzamivu unakufundisha kitu kimoja kwa kina kirefu, ilhali mwanafunzi kesho atakuletea kasa. Mkono wako wa kila siku usiuache upoe.

Hatua ya 5: Fungua daftari la matokeo

Kama utaifuata hatua moja tu katika mwongozo huu, ifuate hii.

Siku ya kwanza ya mafunzo fungua jedwali lenye safu sita: namba ya kesi, tarehe, ulichokiona, ulichokidhani, una uhakika kiasi gani kati ya 1 na 5, na matokeo. Safu ya mwisho iache wazi. Kila Ijumaa chukua saa moja, rudi kwenye kesi za wiki zilizopita, mtafute daktari wa upasuaji au mwanapatholojia, ijaze. Namba ya kesi inatosha. Jina la mwenye mnyama halina kazi humo.

Baada ya miezi sita daftari litaanza kukuumbua. Langu lilinionyesha kwamba nilikuwa nakosea zaidi pale nilipojipa 5 kuliko pale nilipojipa 3, kwa sababu kwenye 3 nilitazama mara ya pili. Lilinionyesha pia kwamba nikishakuta kitu kimoja kikubwa naacha kutafuta kingine. Huo ni udhaifu wa wasomaji wote wa picha. Mwaka 2013 watafiti Drew, Võ na Wolfe waliweka mchoro wa sokwe ndani ya skani za CT (picha za eksirei zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande) za mapafu ya binadamu, wakawapa wanaradiolojia 24 watafute vinundu, yaani vivimbe vidogo. Sokwe alikuwa mkubwa mara 48 kuliko kinundu cha wastani. Ishirini kati yao hawakumwona, na wengi wa waliomkosa macho yao yalipita juu yake kabisa.

Dawa yake ni mpangilio usiobadilika. Kila kifua naanzia pembezoni: mifupa, ukuta wa mwili, kiwambo, nafasi kati ya pafu na ukuta, ndipo moyo na mapafu. Kilicho dhahiri nakiweka mwisho, maana hakitakimbia.

Daftari hili ndilo litakalokupa mifano ya darasani, maswali ya utafiti, na hata jibu la kweli siku utakapoulizwa kwenye usaili umejifunza nini.

Hatua ya 6: Linda mwili wako, kwa kuwa kazi ni ndefu

Röntgen aligundua mionzi ya eksirei mwaka 1895, na mwaka uliofuata tu madaktari wa wanyama walikuwa tayari wanapiga picha za miguu ya farasi. Wengi wa waanzilishi wa fani nzima, wa binadamu na wa wanyama, walilipa kwa vidole vyao. Sisi tuna hatari ambayo wenzetu wa hospitali za binadamu hawana sana: mgonjwa wetu hasikii ukimwambia "tulia, usipumue," kwa hiyo mtu hushawishika kumshika.

Usimshike pale inapowezekana. Dawa ya kutuliza, mifuko ya mchanga, kamba na sponji vipo kwa ajili hiyo. Ukilazimika kubaki chumbani, kumbuka kwamba ukiongeza umbali mara mbili, mionzi hupungua hadi robo. Aproni ya risasi inakinga mionzi iliyotawanyika. Haikuruhusu kuweka mkono ndani ya mwale wenyewe, hata ukiwa na glavu ya risasi. Kikomo kinachopendekezwa na Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi kwa mfanyakazi ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka 5, bila kuzidi 50 katika mwaka wowote mmoja. Kwa mtu wa kawaida ni 1. Vaa dosimita yako, kile kifaa kinachopima mionzi unayoipata. Naisema hii kwa sababu nimeziona nyingi zikining'inia kwenye droo, zikipima mionzi ya droo.

Mwili una maadui wengine. Bega la anayefanya ultrasaundi siku nzima huharibika polepole, na shingo ya anayesoma skrini vilevile. Pandisha meza, kaa karibu na mnyama, badilisha mkono. Nilianza kujifunza kwa mkono wa kushoto nikiwa nimechelewa.

Hatua ya 7: Uliza swali dogo linaloweza kujibiwa

Vijana huniletea mapendekezo ya utafiti yenye mashine ghali na maneno mazito. Mimi huwaonyesha kipimo cha moyo kwa pingili. Mwaka 1995 Buchanan na Bücheler walichukua picha za kifua za mbwa 100 wazima, wakapima urefu na upana wa kivuli cha moyo, kisha wakahamishia vipimo hivyo kwenye uti wa mgongo kuanzia pingili ya 4 ya kifua na kuhesabu moyo ni sawa na pingili ngapi. Wastani ulikuwa 9.7. Kazi hiyo ungeweza kuifanya kwa rula, na bado inatumika kila siku. Baadaye wengine waliuliza swali lililofuata lenyewe: je, ni sawa kwa kila aina ya mbwa? Ikaonekana la, Boxer mzima, kwa mfano, anaweza kuvuka kiwango hicho bila ugonjwa wowote. Ona jinsi swali moja dogo lilivyozaa mengine.

Picha za zamani zilizohifadhiwa kwenye idara yako ni shamba lililo tayari. Ila lina miiba, na mwiba mkubwa ni huu. Tuseme unataka kujua CT inaonyesha vipi vinundu vya ini, na ukweli wako unatoka kwenye upasuaji. Ni wanyama gani walipasuliwa? Wale ambao picha ilionyesha kitu. Waliokuwa na picha safi walirudi nyumbani, na kama baadhi yao walikuwa na vinundu, wamepotea kwenye hesabu zako. Unyeti wa kipimo, yaani uwezo wake wa kuwanasa wagonjwa, utaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Makala nyingi zimejikwaa hapo. Ndiyo maana narudia habari ya ngazi: mizoga ya wanyama waliokufa kwa sababu nyingine, walio na skani ya karibuni, ni dhahabu kwa mtafiti wa picha.

Mengine fanya hivi. Wasomaji wa picha wawe angalau wawili, na wasijue matokeo. Pima wanavyokubaliana kwa kipimo cha kappa alichokipendekeza Jacob Cohen mwaka 1960, ambapo 1 ni makubaliano kamili na 0 ni sawa na kubahatisha. Ukipata kappa ndogo usiifiche, inaweza kuwa ndiyo habari yenyewe. Mwone mtakwimu kabla ya kukusanya data, kwa kuwa akija baadaye atakuambia tu ugonjwa uliomuua mgonjwa wako. Pata kibali cha maadili. Kama kazi yako inahusu usahihi wa kipimo, ipitishe kwenye STARD ya mwaka 2015, orodha ya vipengele 30 ambavyo ripoti ya utafiti wa aina hiyo inapaswa kuvieleza, wakati unaipanga, si usiku wa kuituma.

Jarida ambalo wengi wetu tunalilenga ni Veterinary Radiology & Ultrasound. Makala ya kwanza huenda ikarudishwa na maoni marefu kuliko makala yenyewe. Iweke siku mbili bila kuigusa, kisha jibu kila hoja kwa zamu, kwa adabu, hata ile ya kipuuzi.

Programu za kompyuta zinazosoma picha zimeingia pia, na wakuu wa vyuo watakutaka uzifanyie utafiti. Uliza swali lilelile la mezani: zilifundishwa kwa picha za wanyama gani, na nani aliyezithibitisha? Kama jibu ni kwamba zilifundishwa kwa ripoti za wasomaji ambao hawakuwahi kuteremka ngazi, programu imejifunza dhana zetu pamoja na makosa yake.

Hatua ya 8: Fundisha kwa kunyamaza

Kosa langu la miaka ya mwanzo lilikuwa kuweka picha kwenye skrini na kuanza kuieleza. Wanafunzi walitikisa vichwa, mimi nikaridhika, mtihani ukatuumbua sote. Sasa naweka picha, nakaa kimya dakika nzima, kila mtu anaandika anachokiona. Dakika ni ndefu kuliko unavyodhani. Kisha anaanza mwanafunzi aliye mdogo kwa daraja, ili wa juu wasimzibe.

Changanya picha za wanyama wazima kwenye kila kipindi, bila kuwaambia. Wakijua kila picha ina ugonjwa, watauona hata pasipo nao. Na leta picha zako ulizokosea, pamoja na ripoti yako ya asili na matokeo. Darasa hunyamaza kwa namna ya pekee mwalimu anapoonyesha kosa lake mwenyewe lenye tarehe.

Hatua ya 9: Ajira, vyeo na unachopaswa kuuliza kwenye usaili

Kuna mikataba ya aina mbili kwa ujumla, ingawa majina hutofautiana. Mmoja unakupima zaidi kwa kliniki na ufundishaji, mwingine zaidi kwa machapisho na fedha za utafiti. Usichague wa pili kwa sababu ya heshima yake kama hujawahi kufurahia utafiti, na usichague wa kwanza ukidhani utapata muda wa kuandika "jioni". Ngazi yenyewe mnaijua: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Tangu siku ya kwanza weka jalada moja la kila mhadhara uliotoa, kila mwanafunzi uliyemsimamia, kila makala uliyohakiki. Ukisubiri mwaka wa kupandishwa cheo utakuwa umesahau nusu yake.

Kwenye usaili wao watakuuliza mengi. Nawe uliza haya. Siku ngapi kwa wiki ziko nje ya kliniki, na nani anasoma kesi siku hizo? Kama jibu ni "tunasaidiana," andika sifuri. Zamu za usiku zinagawanywaje? Nani anazitunza mashine, na CT ilikaa bila kufanya kazi kwa muda gani mara ya mwisho? Mabingwa wangapi wameondoka miaka mitano iliyopita, na naweza kuzungumza na mmoja wao?

Halafu waombe wakutembeze. Waambie ungependa kutoka chumba cha kusomea picha hadi chumba cha kupasulia mizoga kwa miguu. Mkifika, angalia kama mwenyeji wako anamjua kwa jina mwanapatholojia aliyepo zamu.